Beringi ya Kushoto

"Upande gani?" Hiral aliuliza.

"Kushoto," Mabula akajibu, hata swali halijatua vizuri kauntani.

Duka la spea lilikuwa limefurika, kama linavyofurika kila Jumamosi watu wa machimbo wanaposhuka Geita mjini kutafuta mikanda ya mashine na vifaa vya pikipiki. Hiral alikuwa ameachiwa kaunta na baba yake, Suresh, tangu mzee alipoanza kusumbuliwa na macho, na wateja walishamzoea. Alikuwa ameshika boksi lenye beringi mpya, lakini hakulisogeza mbele.

"Umeinua gari ukazungusha tairi kwa mkono? Au umesikiliza tu ukiendesha?"

"Nimesikiliza."

"Kaka, beringi za nyuma zina udanganyifu. Iliyokufa ni ya kulia, wewe unaisikia kushoto. Nenda kapime kwanza, hii nakuwekea pembeni. Ikishatoka hapa ikapakwa grisi, siipokei tena."

Kijana mmoja aliyekuwa nyuma yao, tope la machimbo limemkaukia mpaka kwenye nyusi, akacheka. "Mzee kaambiwa akapime."

Shingo ya Mabula ikakakamaa. Eufrasia, mkewe, aliiona vizuri kwa sababu alikuwa amesimama nyuma yake na simu mkononi, akisubiri kuambiwa namba ya kulipia. Fedha ilikuwa ya sare za shule alizoshona kwa wiki nzima.

"Binti," Mabula akasema, "mimi nimeendesha malori ya mawe wewe ukiwa bado hujazaliwa. Nipe kitu changu."

Hiral akamwacha, akamtazama Eufrasia. "Dada, nimpe?"

Eufrasia alitaka kusema hapana. Alitaka kusema kwamba yeye mwenyewe, anapokaa kiti cha mbele, husikia ule mngurumo kama unatoka kila mahali, chini, nyuma, hata kwenye meno. Lakini watu walikuwa wengi na wote walikuwa wamenyamaza kusikiliza.

"Mpe," akasema.

Njiani kurudi nyumbani Kalangalala hawakuongea. Hata wangetaka wasingesikilizana. Gari lilinguruma kama mashine ya kusaga, na lilipopunguza mwendo kwenye tuta karibu na nyumbani, mama mmoja muuza nyanya akawapungia mkono.

"Mama Violeth! Leo mmesaga debe ngapi?"

Eufrasia akacheka kwa sababu ndivyo mtu anavyotakiwa kufanya. Mabula hakucheka.

Jumatatu asubuhi walitakiwa kuwa Mwanza. Bibi Lusia, mama yake Mabula, alikuwa amefungwa vyuma pajani tangu avunjike, vyuma vinavyotokeza nje ya ngozi na kushikana kwa fito juu ya mguu, na Jumatatu hiyo ndiyo aliyopangiwa na daktari wa mifupa. Akiikosa, angesubiri mwezi mwingine, na kidonda cha chuma cha chini kilishaanza kutoa majimaji yasiyo na rangi nzuri. Basi halikuwezekana. Mguu haukunjiki, na kondakta gani atakubali abiria mmoja alale kwenye viti vya watatu? Mara mbili zilizopita walikuwa wamemlaza kwenye kiti cha nyuma cha gari lao, mgongo kwenye mlango wa kushoto, mguu umenyooshwa juu ya mito, na hivyo ndivyo walivyokusudia kumpeleka tena.

"Tumpelekee Stanslaus," Eufrasia alisema jioni ile, akimwaga unga kwenye sufuria ya ugali. "Gereji yake ipo ng'ambo ya ukuta hapo. Saa moja tu amemaliza."

"Stanslaus alikuwa utingo wangu."

"Sasa ana gereji."

"Ndicho hicho ninachokwambia."

"Unaniambia nini, Baba Violeth? Sijaelewa."

Mabula akatoka nje, akaanza kupanga spana zake juu ya gunia kwa mwanga wa mwisho wa jua, kubwa na ndogo, kama mtu anayeandaa sherehe. Tangu kampuni ya malori ipunguze watu, spana zile zilikuwa zimetoka nje mara nyingi. Zilitengeneza bomba, na mpaka leo bomba linafungwa kwa mpira. Zilitengeneza mlango wa jikoni, na mlango unafunguka kwa kuinuliwa.

Jumapili, wenzao walipokuwa wakielekea kanisani, Eufrasia alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari na kitenge chake kibovu, akishikilia chuma cha kuongezea urefu wa spana.

"Kanyaga," Mabula akaamuru.

"Nakanyaga."

"Kwa uzito wote!"

"Uzito wangu ndio huu, nikautoe wapi mwingine?"

Nati ya mwisho ikalegea kwa mlio wa kukera, naye Eufrasia akaanguka kwa magoti. Gurudumu likatoka. Ndani yake ilibaki dramu ya breki, nyekundu kwa kutu, imeng'ang'ania pale kama imechomelewa. Mabula akaipiga nyundo. Akaipiga tena. Kila pigo lilipaa ukutani na kuvuka kwenda kwa Stanslaus, na kila pigo lilimfanya bibi Lusia, aliyekuwa amelazwa kwenye godoro barazani, afumbe macho.

"Mayu, nikusogeze ndani?" Mabula akauliza.

"Yaya," akasema bibi, akitikisa kichwa. "Huku kuna hewa. Fanya kazi yako, baba."

Dramu ilitoka jua likiwa tayari juu ya bati. Chini yake zilikuwepo bolti nne zilizoshikilia beringi na habu yake, kile kitovu cha gurudumu. Tatu zilifunguka. Ya nne ilikuwa imelika kichwa, soketi ikawa inateleza tu. Mabula akajaribu koleo, akajaribu patasi, akajikata kidole, akatukana kwa Kisukuma akasahau kwamba mama yake yupo. Watu wakaanza kurudi kutoka misani. Kila aliyepita alisimama getini.

"Poleni na kazi."

"Asante."

"Mbona hamjamwita fundi?"

"Kazi ndogo tu hii."

Mwingine alisema wamwagie dizeli. Mwingine alisema wawashe moto. Mwenyekiti wa jumuiya alimtazama Eufrasia, mikono myeusi hadi kwenye viwiko, akasema walimkosa katika nyimbo, kisha akakaa kimya kidogo ili maneno hayo yaingie vizuri. Eufrasia akasema, "Nitakuja wiki ijayo, mama," na sauti yake mwenyewe ikamkera kwa ule upole wake.

Walimwagia dizeli. Walisubiri. Mabula alishindilia kitambaa ndani ya soketi ili ibane, akaivuta taratibu, na ile bolti ikakubali. Kisha, kwa kuwa habu nayo ilishikwa na kutu, aliigonga kutoka nyuma, kwa kipande cha mbao safari hii, huku na huku, kwa uvumilivu ambao Eufrasia hakuutarajia. Ilipotoka, Mabula aliinyanyua juu kama mtu aliyekamata panya aliyemlia mahindi.

"Huyu hapa! Huyu ndiye aliyekuwa anatupigia kelele."

Akamrushia Eufrasia, akageuka kufungua boksi la mpya. Eufrasia akaifuta kwa kitambaa. Akashika sehemu moja, akaizungusha nyingine. Ikazunguka. Akaiweka karibu na sikio, akaizungusha tena. Hakusikia kitu. Ilikwenda laini kama gurudumu la cherehani yake siku anayotoka kulitia mafuta.

"Baba Violeth."

"Mm."

"Hii mbona haina kitu?"

"Haina kitu kivipi?"

"Sikiliza. Inazunguka vizuri. Haikwaruzi."

"Bila uzito wa gari itakwaruza vipi? Weka chini hiyo."

"Nilidhani tungeinua na upande wa pili tulinganishe kabla hujafunga. Yule binti wa dukani alisema..."

"Eufrasia!" Alimwita kwa jina, jambo alilolifanya mara chache, na mbele ya mama yake hakuwahi kabisa. "Wewe shona. Mimi nifanye hii. Au unataka nije nikuelekeze pa kupitisha sindano?"

Barazani bibi Lusia akajikohoza. Eufrasia akaiweka ile beringi juu ya gunia. Akaiweka polepole sana, maana mkono wake ulitaka kuitupa.

Walipofunga kila kitu na kushusha jeki, Mabula alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akavaa shati safi. Akamfungulia Eufrasia mlango. Ulikuwa ni upatanisho wake, na Eufrasia, ingawa alikuwa bado anachemka, aliingia.

Mtaani gari lilikwenda kimya. Mabula akatabasamu. Eufrasia naye akaanza kuhisi mabega yakishuka. Wakaingia barabara ya lami, Mabula akakanyaga mafuta, sindano ikapanda, na ule mngurumo ukaja. Ulianza chini kama mtu anayejiandaa kusema, ukapanda, ukajaa gari lote, ukawa ni uleule wa jana na juzi.

Mabula aliendelea kuendesha. Alikanyaga zaidi, kana kwamba mbele kidogo mngurumo ungechoka. Kisha akaegesha pembeni, karibu na mashine ya kukoboa mpunga iliyofungwa, akazima injini. Mikono yake ikabaki kwenye usukani.

"Nilisikia kushoto," akasema.

Eufrasia akashika kitasa cha mlango.

"Nilisikia kushoto, wallahi."

"Ulisikia kushoto," Eufrasia akasema. "Binti alipokwambia pima, ulisikia kushoto. Nilipokwambia usikilize ile ya zamani, ulisikia kushoto. Wewe ukishasikia kitu, Mungu mwenyewe akishuka hapa na spana hawezi kukutoa. Mama anaoza mguu, Baba Violeth! Duka limefungwa, kesho alfajiri tunatakiwa barabarani, na mimi nimeacha misa nikakanyagie machuma yako nikiambiwa nikashone!"

"Punguza sauti."

"Asinisikie nani? Hao wa mashine ya kukoboa?"

Akafungua mlango, akashuka, akaanza kutembea. Gari halikumfuata. Alitembea na kandambili zake zenye grisi kando ya lami, vumbi la pikipiki likimpiga miguuni, na njia nzima alikuwa akimalizia maneno ambayo hakuyasema garini, mengine kwa sauti, hata mwanafunzi mmoja akampisha njia.

Hakwenda nyumbani. Alipita getini kwake, akaenda geti la pili.

Stanslaus alikuwa anakula. Alimkaribisha kiti, akamwagiza mkewe alete maji ya kunawa, na Eufrasia aliposema ameshiba, hakumbembeleza. Alitafuna taratibu, akamwacha amalize maelezo yote.

"Nimesikia nyundo tangu asubuhi," akasema.

"Najua umesikia."

"Nikajiambia, akinihitaji ataita. Ukuta wenyewe mfupi."

"Ndiyo nimekuja kukuita."

Stanslaus akamega tonge, akalitazama. "Shemeji, mimi sina neno na wewe. Lakini gari si lako peke yako. Mwaka jana nilikwenda kumsalimia baada ya kupunguzwa kazini, nikamwambia pale gereji kuna nafasi, aje tusaidiane. Unajua alinijibu nini? Aliniuliza kama nimemaliza kufuta vioo." Akalila lile tonge. "Aje mwenyewe."

Eufrasia alisimama. Magoti yalikuwa yanamuuma pale alipoangukia asubuhi. Wanaume wawili, akawaza, na mguu wa mwanamke mmoja katikati yao.

Alimkuta Mabula amesharudi, amekaa kwenye ngazi ya baraza, chini kidogo ya godoro la mama yake, bado amevaa lile shati safi. Eufrasia hakuzungusha.

"Stanslaus atatengeneza. Lakini anasema uende mwenyewe."

"Siendi."

"Haya."

Akaingia ndani, akaanza kutoa vitu kwenye mkoba waliouandaa kwa safari. Alitoa kanga za bibi, akatoa kadi ya hospitali, akatoa chupa ya uji, na kila kitu alikiweka mezani kwa kishindo ili kisikike nje. Ndipo akamsikia bibi Lusia akiongea, si kwa sauti kubwa.

"Mabula."

"Naam, Mayu."

"Baba yako aliuza ng'ombe wake wote wazuri kwa sababu hakutaka kumwomba kaka yake njia ya kupitishia maji. Unamkumbuka ng'ombe yule mweupe?"

"Namkumbuka."

"Mimi pia namkumbuka. Baba yako simkumbuki kwa wema kama ninavyomkumbuka ng'ombe yule." Akavuta pumzi. "Kama huendi, sawa. Lakini nisogezeni ndani, mbu wanakuja. Na usinieleze tena habari za gari."

Eufrasia alisimama na chupa ya uji mkononi. Akasikia hatua kwenye ngazi, akasikia geti lao lile linalokwaruza chini, kisha geti la jirani.

Hakujua waliambiana nini. Hakuuliza siku ile wala baadaye. Aliona tu wakirudi wote wawili, Stanslaus mbele na jeki ya magurudumu, Mabula nyuma na sanduku la vifaa la Stanslaus, amelikumbatia kifuani. Macho yake yalikuwa mekundu, na shati limeshachafuka.

Stanslaus aliinua upande wa kulia. Akaweka kiganja chake juu ya springi kusikilizia mtetemo, mkono mwingine ukazungusha tairi. Akamwita Mabula kwa kidevu. Mabula akaweka kiganja chake palepale. Eufrasia aliiona sura ya mumewe ikibadilika, na hakuhitaji kuambiwa. Stanslaus hakucheka. Ingekuwa heri acheke.

"Ile uliyoitoa kushoto iko wapi?"

Eufrasia akamletea. Stanslaus akaizungusha, akaisikiliza, akaivuta huku na huku kuona kama inacheza. "Uligonga kwa kitu gani?"

"Mbao," Mabula akasema.

"Umefanya vizuri. Ungegonga kwa chuma tupu ungeiua. Zinaingiliana, hii inakaa kulia. Si mpya, lakini itakufikisheni Mwanza na kurudi. Baadaye mnunue nyingine."

Kwa muda uliobaki Mabula alikuwa utingo. "Spana ya kumi na nne." Akampa. "Patasi." Akampa. "Shika taa." Akashika. Eufrasia alijitafutia kazi jikoni ili asiwepo, maana kuna mambo ambayo mke akiyatazama sana huwa deni. Kazi ilikwisha kabla giza halijakolea. Stanslaus akasema bei, ileile anayowatoza wengine, akapokea, akahesabu, akaondoka. Getini akageuka.

"Kesho mniambie bibi ameendeleaje."

"Wabeja," akashukuru bibi Lusia kutoka ndani, na Stanslaus akaitikia kwa kuinua mkono ingawa bibi hakuweza kumwona.

Wakaondoka alfajiri. Walimlaza bibi kama siku zote, mgongo mlango wa kushoto, mguu juu ya mito kuelekea mlango wa kulia. Gari lilitoka mjini bila kelele. Likaingia barabara ya Sengerema, likachanganya mwendo, na bado halikutoa kelele. Eufrasia alikaa akisubiri ule mngurumo kama mtu anayesubiri kupiga chafya. Haukuja. Alisikia upepo, akasikia matairi yakilamba lami, akasikia hata funguo zikigongana chini ya usukani.

"Tutafika mapema," akasema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza ya upole tangu jana.

Mabula akaitikia kwa kichwa. Wakapita kwenye kiraka cha lami iliyobomoka, gari likadunda. Mabula akageuza sikio.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Kuna kitu nyuma. Kama kinalia hivi." Wakadunda tena. "Hicho. Nyuma kulia. Stanslaus hajakaza kitu huyu, naapa!"

Eufrasia akasikiliza. Ilikuwa ni sauti ndogo, nyembamba, inayokuja kila shimo na kukatika haraka. Akageuka kwenye kiti.

Bibi Lusia alikuwa ameng'ata pindo la kanga. Macho ameyafumba, jasho limemtoka kwenye paji la uso asubuhi ile ya baridi, na mkono mmoja umeshika fito za vyuma kama anayezuia mlango usifunguliwe. Gari likapanda kwenye kiraka kingine, na ile sauti ikapita katikati ya meno yake.

"Simamisha," Eufrasia akasema.

Mabula alisimama pembeni, akageuka naye. Akamwona.

"Mayu," Mabula akasema. "Tangu lini?"

Bibi akaitoa kanga mdomoni. Alionekana kama mtu aliyeaibishwa. "Tangu siku ya kwanza."

"Mara zote? Mwanza kwenda na kurudi?"

"Gari lilikuwa linalia kuliko mimi."

Mabula akashuka. Alipanga mito upya, akavua koti lake, akalikunja na kulisukuma chini ya goti la mama yake, akiuliza hapa, au hapa, au hapa, na safari hii alisubiri jibu kila mara kabla ya kusogeza kitu. Eufrasia alihamia nyuma, akachuchumaa katika ile nafasi finyu kati ya viti, akaushika mguu kwa mikono miwili chini ya vyuma. Magoti yake yaliyochubuka yaligusa sakafu, akayaacha.

Wakaondoka kwa mwendo wa baiskeli. Mabula alikuwa akilitazama kila shimo mapema, akilizunguka, akisema, "Linakuja moja, Mayu," na bibi akisema, "Haya." Nyuma yao lori likaja, likapiga honi, likapiga tena kwa hasira, na nyuma ya lori basi la asubuhi, na nyuma ya basi magari mengine.

Mabula akamtafuta mkewe kwenye kioo. "Tutachelewa."

"Washa taa za kuashiria," Eufrasia akasema. "Wapite."